Sweta ya Saizi Ishirini

Mimi sikujua mtoto ni mgonjwa. Sweta ndio ilijua kwanza.

Wakati huo nilikuwa nafuma sweta za shule hapo Nyeri, nyuma ya soko, na mashini yenye hakuna mtu alinifundisha kutumia. Nilijifunza kwa kufumua sweta zilizoisha, mstari kwa mstari, nikiangalia uzi inatoka wapi na inaingia wapi. Hata kusoma vizuri nilijifunza na magazeti ya kufungia nyama, kwa sababu darasa la saba mimi na mwalimu tulikosana na sikurudi. Nakuambia mapema ndio usishangae nikiongea vile naongea. Mdomo yangu iko moto. Dada yangu Wanjiku ndiye alipewa upole yote ya nyumba yetu.

Wanjiku ameolewa Wamagana. Mtoto wake Nyawira nilikuwa nimemfumia sweta ya njano mwezi wa nne, saizi ishirini, yaani inchi za kifua, kubwa makusudi ndio akue ndani yake. Mwezi wa saba, ile baridi ya ukungu ikiwa imekalia Nyeri yote, nikaenda kuwaona. Mikono ya sweta ilikuwa bado inafunika vidole. Lakini vifungo vya tumbo vilikataa kufunga. Nikavuta, zikakataa.

"Wanjiku, huyu mtoto amekula nini?"

"Hakuna kitu amekula. Hata maziwa yangu anakataa."

Nikainua sweta. Tumbo ilikuwa gumu upande wa kulia, kama mtu ameficha kiazi huko chini. Na mgongoni kulikuwa na vivimbe vidogo chini ya ngozi, rangi ya bluu inaenda nyeusi. Unajua njahi, zile maharagwe nyeusi tunapikia mama akitoka kujifungua? Ni kama punje za njahi zilikuwa zimeingia chini ya ngozi ya mtoto. Nilihesabu kumi na moja.

Nilipiga kelele. Hiyo ndio njia yangu ya kuogopa.

Naandika hii kwa sababu ya wewe mwenye umekaa kwa benchi mahali fulani na karatasi mkononi, na umeambiwa mtoto ako na saratani ya neva, na hujui hata hiyo ni kitu gani. Mimi si daktari. Nitakuambia tu yale tulipitia, na kosa yenye tulifanya, ndio wewe usiifanye.

Walikuwa tayari wamempeleka dispensari, Wanjiku na Cucu. Cucu ni mama mkwe wa Wanjiku, na jina yake ni Nyawira, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza anaitwa nyanya yake wa upande wa baba. Muuguzi huko aliangalia tumbo kubwa na mikono nyembamba, akaangalia kadi ya kliniki, akasema ni utapiamlo. Akamwambia Wanjiku mbele ya watu, "Mtoto mkubwa hivi hata hawezi kusimama! Nyinyi mnalisha watoto nini?" Wanjiku akamfunika mtoto. Akapewa dawa ya minyoo akarudi nyumbani.

Hiyo kadi iweke kwa akili. Nitarudi hapo.

Nikawatoa Wamagana kesho yake, tukaenda hospitali kubwa. Wiki ya kwanza ilikuwa ya benchi. Kuna benchi ya kupata faili, benchi ya kumwona daktari, benchi ya damu, benchi ya picha. Benchi ya damu ilikuwa karibu na mlango na upepo inapita hapo chini, mpaka mwanamke wa kufagia akatuletea katoni ya sabuni akaipasua, akatuwekea chini ya miguu. Alafu akaenda na ufagio yake. Sijasahau hiyo katoni.

Mimi sikukaa sana huko ndani, kwa sababu siku ya pili niligombana na karani wa faili. Alimwita Wanjiku "wewe mama wa tumbo." Nikamwambia tumbo yake mwenyewe ndio inafaa kupigwa picha. Nikatolewa nje. Kwa hivyo Wanjiku alijibu maswali yote peke yake, na mahali hakuweza kujibu, alitoa kadi.

Walichukua mkojo ya mtoto ya siku nzima. Kama hujawahi kungoja mtoto mchanga akojoe ndani ya mfuko, hujui kungoja. Wakakata punje moja ya zile za mgongo, wakapeleka Nairobi. Tukangoja wiki mbili na zaidi. Mtoto akaendelea kuwa mzito tumboni na mwepesi kila mahali kwingine. Chini ya macho akawa mweusi, kama amepigwa ngumi. Watu kwa benchi walikuwa wanamwangalia, alafu wanamwangalia Wanjiku, na mimi nikarudi kwa lango nikaomba askari aniruhusu niingie, nikaahidi nitafunga mdomo.

Siku ya majibu nilikuwa ndani. Daktari alikuwa anaitwa Makokha, mtu wa huko magharibi, mrefu, anaongea Kiswahili pole pole kuliko sisi. Alituambia tuketi. Yeye mwenyewe akavuta kiti akakaa karibu, si nyuma ya meza. Hapo ndio nilijua ni mbaya.

"Mama Nyawira," akasema, "hii ni saratani. Inaanza kwa neva, hapa juu ya figo. Kwa mtoto wako imefika kwa ini na kwa ngozi. Sasa nitakuambia ukweli. Mtoto mkubwa hivi, ikiwa imetembea namna hii, dawa tulizonazo zitamtesa tu. Ningekuwa wewe, ningeenda naye nyumbani. Nitawapa ya maumivu, akae na watu wake."

Wanjiku akakunja kona ya leso, akaikunjua, akaikunja.

"Mtoto mkubwa wapi?" nikauliza.

"Dada, najua ni ngumu kusikia."

"Sio kusikia. Nauliza mkubwa wapi?"

"Miezi ishirini na mbili," daktari akasema, akionyesha faili.

Nikasimama. "Hiyo faili si yetu! Sasa unasomea dada yangu kifo ya mtoto wa wenyewe? Miezi ishirini na mbili ni sweta ya saizi ishirini na mbili! Huyu ni saizi ishirini, na hata mikono bado inampita. Mimi ndiye fundi, wacha nikuambie!"

"Keti, fundi."

"Siketi."

Hakukasirika. Alifungua faili akatoa kadi ya kliniki, ya zamani, imekunjwa mara nne, akasoma. "Nyawira Kariuki. Wamagana. Amezaliwa mwezi wa kumi, mwaka juzi. Hii kadi ni yenu ama si yenu?"

Mwezi wa kumi.

Nikaketi. Nikamwangalia Wanjiku, na Wanjiku alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wacha nikueleze, kwa sababu yeye hangeeleza. Kulikuwa na Nyawira mwingine. Alizaliwa mwezi wa kumi, akapelekwa dispensari akachanjwa, akaandikiwa kadi, na alipofika wiki tatu akaenda. Kwetu mtoto akienda mdogo hivyo, hakuna mtu anamtaja tena. Mama anaambiwa atapata mwingine. Na akipata, anapewa jina ile ile, na kila mtu anafanya kama yule wa kwanza alikuwa tu amechelewa njiani na sasa amefika. Wanjiku alipata mwingine upesi, mwaka haujaisha. Mimi mwenyewe sikuwa nimetaja yule wa kwanza hata siku moja. Hata kwa akili yangu nilikuwa nimemfumua.

"Daktari," nikasema, "hiyo kadi ni ya marehemu."

Wanjiku alitoa sauti ndogo. Si kulia. Ni kama mtu amekanyagwa.

Sikusimama hapo. Mdomo yangu ikianza haisimami. Nikasema yote: wa kwanza alizaliwa lini, alikaa wiki ngapi, na huyu alizaliwa mwezi wa tisa mwaka jana, ile wiki shule zilifunguliwa. Nilikuwa na hakika kwa sababu kazi ya sweta ilinishika na sikuweza kuja kumwona mpaka Jumapili. Miezi kumi na moja. Daktari aliinama akaingiza kidole kwa mdomo ya mtoto.

"Meno manne," akasema. Akapangusa kidole. "Niliona ni mdogo. Nikadhani ni ugonjwa umemrudisha nyuma. Nikadhani hasimami kwa sababu uvimbe umebana mgongo."

"Hasimami kwa sababu hajafika!"

"Nimekusikia, fundi."

Nikamwuliza kama hiyo inaleta tofauti yoyote. Akasema inaleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote kwa hiyo faili. Hii ugonjwa, ikipatikana kwa mtoto hajamaliza mwaka, hata kama imeingia ini na ngozi, wengi wanapona. Wengine uvimbe unakauka wenyewe na hakuna mtu anajua kwa nini. Akishapita mwaka, huo mlango unaanza kufungwa. Alisema hata wale walimfundisha hawaelewi sana sababu.

"Lakini siwezi kubadilisha umri kwa faili kwa sababu fundi wa sweta ameniambia," akasema. "Dawa ya yule mdogo na ya yule mkubwa si kipimo kimoja. Nitapiga picha ya mifupa ya mkono, hiyo itanionyesha kitu. Na nataka mtu aliyekuwa hapo akizaliwa."

Wanjiku alizalia nyumbani. Mtu aliyekuwa hapo ni Cucu.

Hiyo siku nilienda Wamagana peke yangu. Wanjiku alibaki wodini na hakuniangalia nikitoka. Cucu nilimpata kwa majani chai, kikapu mgongoni, na nikaanza kumpigia kelele kabla sijafika hata nusu ya mstari.

"Cucu! Uliwapa kadi ya nani?"

Aliendelea kuchuma. "Wewe mtoto ya mdomo. Salamu kwanza."

"Uliwapa kadi ya yule wa kwanza!"

"Na ningewapa ya nani?" Sasa alinigeukia, na Cucu akikazana kuongea, L yake inageuka R. "Yure wa kwanza nirimpereka nikiwa nimembeba mimi, akadungwa sindano, akaenda. Nikasema huyu wa piri sindano haitamgusa. Arafu akagonjeka. Na kure kiriniki hawaangarii mtoto hana kadi, wanakufukuza kama mbwa. Kadi irikuwa kwa mkebe yangu. Jina ni moja. Sasa jina ni moja, kosa iko wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie kosa iko wapi, na nikaona majani anayochuma yanaanguka chini, si kwa kikapu.

"Nikienda kusema huko," akauliza, na sauti imeshuka, "watasema ni mimi nimemuua?"

Kitu ingine nilikuwa nimepanga kusema iliisha. Nikamwambia, "Cucu, hajakufa. Ndio nimekuja."

Aliweka kikapu chini. Alienda akaosha miguu, akavaa kitambaa ya kanisa na viatu vya Krismasi. Tulifika hospitali kabla daktari hajatoka. Na huyo mama, mwenye aliogopa hata muuguzi wa dispensari, alisimama mbele ya Daktari Makokha akakataa kiti.

"Mimi nimezariwa mara mbiri kwa hiyo nyumba," akasema. "Wa kwanza nirizika mwenyewe, chini ya ua, nyuma ya ghara. Wa piri nirikata kitovu na hii mkono. Njahi zirikuwa zimekauka nimeanika. Hajamariza mwaka. Andika."

Daktari hakucheka na hakuuliza amezaliwaje mara mbili; kwetu mtoto akipewa jina yako, ni wewe umezaliwa tena. Nadhani hata kwao iko namna hiyo. Alichukua kalamu akakata miezi ishirini na mbili, akaandika kumi na moja, akaweka sahihi kando. Picha ya mkono ilikuja siku ya pili, na mifupa ilisema maneno ya Cucu.

Sasa sikiza. Usidhani kutoka hapo ilikuwa rahisi.

Sindano ya kwanza ilikuwa mwezi wa tisa, wiki yenye Nyawira alimaliza mwaka. Daktari alisema haidhuru, kwa sababu yenye inahesabiwa ni siku ugonjwa ilipatikana. Ini ilikuwa imejaa mpaka inamfinya kupumua, na hiyo dawa, kidogo kidogo, ilikuwa ya kuipunguza. Kila baada ya wiki tatu. Mishipa ya mkono ilipotea wakaanza kutafuta ya kichwa. Nywele zilitoka zote pamoja asubuhi moja, zikabaki kwa shuka kama manyoya ya kifaranga. Mdomo ulifanya vidonda, na nikajifunza kumpa maziwa baridi na kijiko, tone kwa tone. Ile miaka ndio watoto wa shule walikuwa wanapewa maziwa ya paketi za pembe tatu. Mwalimu mmoja, mteja wangu, alikuwa ananiwekea paketi yake mwenyewe kila siku niko na zamu ya kwenda wodini.

Na Wanjiku hakuongea na mimi.

Kukaa tulikuwa tunakaa, kitanda kimoja, mimi huku na yeye huku. Lakini alikuwa anapitishia kwa mtoto, na mimi ndiye tata, yaani dada ya mama. "Nyawira, ambia tata alete maji." "Nyawira, uliza tata kama amekula." Na mimi na ujinga yangu najibu mtoto, "Ambia mama nimekula." Mtoto anatuangalia tu, upara wake unang'aa. Lakini kila asubuhi nikifika napata nusu kikombe ya uji imefunikwa na sahani. Hiyo Wanjiku hakukosa hata siku moja.

Nilijua amekasirikia nini. Kadi haikuwa shida. Nilikuwa nimemtoa mtoto wake wa kwanza nje mbele ya mgeni, kama mtu anamwaga kikapu, bila kumwuliza. Nilikuwa na haki na nilikuwa na makosa, zote mbili mara moja, na hiyo kitu mtu wa hasira hajui kuibeba.

Kariuki, bwana yake, alikuja kutoka Doldol, kule ananunua mbuzi. Aliingia wodini na vumbi mpaka kwa nyusi. Alimwangalia mtoto bila nywele, akakaa chini, akasema, "Hii jina tuibadilishe. Imechukua mmoja na inataka mwingine."

"Jina haina uvimbe!" nikamwambia. "Wewe angalia tumbo ya mtoto, wacha jina."

"Tata Nyawira, sikuongea na wewe."

"Lakini mimi naongea na wewe!"

Wanjiku alisema, pole pole, "Baba Nyawira, mama yako ako hapo nje kwa benchi. Ukibadilisha, wewe ndio utamwambia." Hiyo iliisha hapo. Kariuki alikaa siku nne, akambeba mtoto kwa korido kutoka dirisha mpaka dirisha, akimwonyesha Mlima ukiwa wazi. Sitamsema vibaya tena.

Kitanda cha pili kulikuwa na Kendi.

Kendi alikuwa wa miaka minne, kutoka Chuka, na mama yake alikuwa mama mnene mcheshi anaitwa Mama Kendi na hakuna jina lingine nililijua. Ugonjwa ilikuwa ile ile yetu. Lakini Kendi alikuwa anaongea! Aliniita Fundi kutoka siku ya kwanza.

"Fundi, huyu wako hana sweta ya kumtosha."

"Iko, lakini tumbo imekataa."

"Mimi nataka nyekundu. Na mfuko."

"Mfuko ya kuweka nini?"

"Nitajua baadaye."

Alipata dawa nyingi kuliko Nyawira, na kali zaidi, na alivumilia kuliko mtu mzima. Mama yake hakuacha kitanda. Walikuja kwa wakati, hawakuruka hata sindano moja, kadi yake ilikuwa safi na ya kweli. Mvua ya mwezi wa kumi ikaja ikaisha. Krismasi tuliimba hapo wodini, na Kendi ndiye alichagua nyimbo. Alafu mwezi wa kwanza miguu ikaanza kumuuma, usiku na mchana, na daktari akaanza kukaa kwa kiti karibu na Mama Kendi vile alikuwa amekaa na sisi.

Wakati huo huo, njahi za mgongo wa Nyawira zilikuwa zinaisha. Nilikuwa nahesabu kila Jumatano. Tisa. Sita. Mbili. Nilikuwa naona haya kuhesabu kwa sauti.

Kendi alikufa asubuhi, jua la mwezi wa kwanza likiwa kwa kitanda chake. Nilimfuata Daktari Makokha mpaka nje, kwa kamba za kuanika shuka.

"Kwa nini huyu na si yule?" nikamwuliza. "Niambie. Wetu ndio walikuwa wajinga. Wetu ndio walileta kadi ya uongo."

"Fundi, mimi naangalia vitu vitatu. Mtoto ana umri gani siku ninapoiona. Ilianzia wapi. Imefika wapi, kwa sababu ikiingia mifupa namna ya Kendi inakuwa nzito. Na iko vingine ndani ya uvimbe wenyewe hatuna mashini ya kuona. Hakuna hata kimoja Mama Kendi alifanya ama alikosa kufanya."

"Kwa hivyo sisi tulifanya nini?"

"Nyinyi mlisema umri."

Nilitaka kupiga kitu. Kulikuwa na shuka tu, na zilikuwa zimeoshwa. Nikarudi ndani.

Mama Kendi alikuwa anafunga vitu vyake kwa kikapu. Mimi nilikuwa nimesimama na ile sweta nyekundu, mkono mmoja bado haujaunganishwa, sijui niifiche ama niitoe. Na Wanjiku, mwenye hakuwa ameniongelesha kutoka mwezi wa nane, akaniambia moja kwa moja, machoni:

"Imalize."

Nikakaa kwa kitanda ya Nyawira nikaunganisha na mkono, hapo hapo, Mama Kendi akingoja. Mfuko nilikuwa nimeweka. Aliingiza kidole ndani, akatoa, akasema, "Angeweka peremende," na akacheka vile alikuwa anacheka siku zote, mpaka Wanjiku akamshika.

Nyawira alimaliza sindano ya mwisho mwezi huo. Daktari alisema sasa ni kungoja na kuangalia. Kila mwezi, alafu kila miezi mitatu, tukirudi kwa ile benchi ya upepo. Mvua ya njahi ilipoanza, mwezi wa nne, nilienda Wamagana nikatoa ile sweta ya njano kwa mkebe ya Cucu, nikamvalisha mtoto. Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Zikafunga zote. Mikono ilikuwa imefika kwa kifundo, sawa sawa. Saizi ishirini. Cucu alivuta vifungo moja moja kuhakikisha, alafu akaenda nje kuangalia ng'ombe, na ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Sikuambii wako atapona. Singethubutu, nikikumbuka sweta nyekundu. Nakuambia tu hivi: wakikuuliza umri, sema ya kweli. Kama hujui tarehe, sema ilikuwa msimu gani, mlikuwa mnavuna nini, nani alikuwa hapo. Kama kadi si yake, sema si yake, hata kama kuna kitu inauma kuitaja. Na kama ulisema kila kitu na bado ikaenda vile ilienda kwa Mama Kendi, usikae ukitafuta ni wapi ulikosa. Mtu yeyote akuambie ulikosa, mlete kwangu, niko hapo nyuma ya soko.

Mwaka huu tulimpeleka Nyawira shule, darasa la kwanza. Tulikuwa wanne: yeye, Wanjiku, Cucu na viatu vya Krismasi, na mimi, kwa sababu sweta ni yangu. Mwalimu alikuwa anaandika kwa kitabu kubwa.

"Jina?"

"Nyawira Kariuki."

"Ni wa kwanza kwako, mama?"

Mimi nilijua jibu yenye inatolewa: ndio, ni wa kwanza. Nilikuwa nimeshaisikia kwa kanisa, kwa soko, kila mahali. Niliuma ulimi. Haki, kwa mara ya kwanza kwa maisha yangu niliuma ulimi.

"Wa pili," Wanjiku akasema.

"Na wa kwanza yuko darasa gani?"

"Wa kwanza alikuwa pia Nyawira. Alikaa wiki tatu."

Kalamu ya mwalimu ikasimama. Cucu alitafuta mkono ya Wanjiku bila kuangalia, akaupata. Mwalimu akasema, "Pole, mama," na akaandika wa pili.

Alafu Wanjiku akanigeukia. "Tata Nyawira, sweta ni saizi gani?"

"Ishirini na nne."

"Mpime," akasema. "Mwalimu aone."

Nikatoa futi mfukoni nikampima mtoto hapo mbele ya meza, kifua, mkono, tumbo, nikisema kila namba kwa sauti.